Bado Nipo Kibamba

Kimeshuka melini juzi, bado kinanuka mpira mpya,
kigari cha viti viwili, ubavu kwa ubavu,
taa za mbele zimetoka kama macho ya chura.
Hakina namba, hakijui lami, hakitaki kuijua.
Shamba lake liko Njombe, kwa Bwana Kihwele wa maparachichi,
na kati ya Njombe na yadi hii ya Kurasini
kuna mimi, pikapu yangu, na tela la kuazima.

Saa kumi na moja alfajiri. Ambakisye anapiga miayo.
"Dada Sikujua, tufunge kamba tuondoke."
Kamba! Kamba hufunga mbuzi.
Hiki kina uzito wa ng'ombe wawili
na akili ya hakuna hata mmoja.

Kipandishe polepole. Sogeza. Sogeza tena. Hapo.
Uzito ulalie mbele ya ekseli kidogo,
maana tela lililolemewa makalio
hucheza likifika themanini,
na ngoma hiyo haitunzwi.
Gia ndani. Hendibreki juu.
Mikanda minne, pembe nne,
ikamate chini, kwenye mikono ya magurudumu;
bomba la paa liache, lile ni pambo.
Kaza mpaka springi zikae, usikaze mpaka zilie.
Mkanda bapa huvuma njiani kama nzi ndani ya chupa:
usokote mara moja, utanyamaza.
Minyororo ipishane chini ya ulimi wa tela
kama mikono ya mtu anayepokea mtoto.

Taa. Kanyaga breki.
"Kushoto hakuna."
Kanyaga.
"Hakuna."
Ambakisye akaipiga kofi, ikawaka, akacheka.
Nikaifungua, nikasugua waya hadi ukang'aa.
Taa inayowaka kwa kofi
huzimika kwa shimo la kwanza.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu.
Hawakusema pabovu ni wapi.
Ndiyo kazi yenyewe: kupapasa.

Ubungo, Kimara, Mbezi, jua linanifuata kwa nyuma.
Sabini tu. Wanaonipita wananipigia honi,
mmoja ametoa mkono dirishani kuniuliza nimebeba mayai.
Simu. Bwana Kihwele.
"Mmefika Chalinze?"
"Tumesimama Kibamba."
"Kibamba kuna nini?"
Hakuna kitu. Ndiyo maana nimesimama.
Mkanda mpya hujinyoosha safari ikianza,
na wa nyuma kulia umelegea vidole viwili.
Nimekaza. Nimezunguka.
Nimeweka mgongo wa kiganja kwenye habu,
jinsi mama anavyompima mtoto homa.
Ya kulia, vuguvugu.
Ya kushoto, nikarusha mkono
na kutamka neno ambalo sitaliandika.

Beringi imekauka. Mwenye tela aliniapia,
"Grisi nimetia mwenyewe."
Huenda alitia. Hakusema mwaka gani.

Basi namngoja Fundi Pazi atoke Gerezani kwa bodaboda
na beringi mfukoni, saa mbili, saa tatu, saa nne.
Naandika haya nyuma ya hati ya mzigo, juu ya boneti.
Mbele yangu kuna mizani,
ile ya chuma, isiyohesabu silabi,
isiyojali vina vyangu vimekaa au vimeyumba.

Simu tena. "Sasa mko wapi?"
"Kibamba, bosi."
Kimya kirefu, nasikia kuku wake.
"Wewe ni dereva gani?"
"Yule wa kukuletea kigari.
Wa kukuletea habari wako wengi, wananipita hapa."

Ambakisye amepanda juu ya tela,
ameketi ndani ya kigari, ameshika usukani,
ananguruma kwa mdomo, anakata kona za Njombe
asizowahi kuziona.
Nimemwambia ashuke.
Sikumwambia kwa sauti.